Maji ya Damu ya Mbuzi wa Saba

Maabara, 4 Februari

Wifi yangu,

Pokea salamu, na umpe Mama zake kabla hujasoma mbele, maana najua amekaa hapo anakutazama midomo. Mimi ni mzima. Chumba ni kile kile cha juu, ngazi ni zile zile, na mwenye nyumba bado anazitolea macho ndoo zangu za maji kana kwamba nachota kwenye mishipa yake. Kaka ameshaondoka na lori? Mwambie akipita huku asinipigie honi kutoka barabarani. Apande juu anywe chai kama mtu na dada yake.

Naandika kwa sababu simu ya dukani kwenu ina masikio mengi, na nina mambo mawili.

La kwanza ni kazi. Mkuu wa maabara amekubali kile nilichokuwa nikimwomba tangu mwaka jana: tulinganishe vitamini zilizomo katika damu ya wanyama wa aina mbalimbali. Nilimwambia nina wifi kwenye kituo cha mifugo ambaye anaweza kumtoa punda damu na punda asigeuze hata sikio. Basi usiniangushe. Tunataka ng'ombe, kondoo, punda, nguruwe, mbwa, na mbuzi saba. Kwa kila mnyama nitumie kila mwezi kichupa cha maji ya damu, yale yanayobaki juu mashine ikishaizungusha damu na chembe kutulia chini. Nitumie pia kipande cha kioo ulichokipaka tone moja la damu nzima. Tia matone ya ile dawa ya kuhifadhi niliyokuachia, funga kwenye sanduku la barafu, mkabidhi dereva wa basi. Usiliache juani, kwa kuwa vitamini C huharibika upesi. Utaona mambo, wifi. Mbuzi huitengeneza mwenyewe ndani ya ini lake, hata ukimlisha makaratasi. Simbilisi wetu wa vizimbani, hawa wanaofanana na panya wanene wasio na mkia, hawawezi. Wasipopata majani mabichi wanakwisha. Nyani naye hawezi, wala mimi na wewe.

La pili ni tumbo la Mama, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Kaka ameniambia vidonda vimerudi. Sasa sikiliza vizuri. Asile machungwa, malimau, mananasi, nyanya wala pilipili. Matunda yoyote yaache. Mboga zichemshwe mpaka zilainike kabisa na maji yake yamwagwe. Ale mkate, uji, wali, mayai, na maziwa yaliyochemka. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyokula tangu tumbo hilo hilo la ukoo liliponilaza hospitali, na sijambo. Najua Mama atakubembeleza umpe chungwa. Sitaki kusikia "kidogo tu". Shangazi atakuwa anapita hapo mara kwa mara, na usichukie nikisema: nitajua.

Wifi yako


Kituo cha Mifugo, 19 Februari

Wifi,

Salamu zako nimezifikisha. Mama alizipokea, kisha akasema umemfanya mgonjwa wa wodini ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mume wangu ameondoka na lori tangu wiki iliyopita na tunategemea kumwona katikati ya mwaka. Mimi nipo, kama unavyojua.

Sanduku la kwanza hilo. Mbuzi wote saba wamo. Wa saba ndiye yule beberu tunayemwita Bwana Harusi, kanitafuna mkono wa koti wakati namtafuta mshipa, kwa hiyo damu yake ukiiona ina kiburi usishangae. Punda aligeuza sikio. Mwambie mkuu wako ukweli.

Maagizo yako ya chakula nimeyabandika jikoni, juu kidogo ya jiko, na ninayasoma kama dua. Mama ameniomba chungwa mara mbili. Nimemkatalia mara mbili. Mboga nazichemsha mpaka hazijulikani zilikuwa nini, naye anazitazama anasema hicho mpe nguruwe. Sasa hivi ameziacha kabisa, anashika chai ya maziwa na mkate. Nimemwambia hayo ni maziwa, ndama hukua kwa maziwa matupu, hayamdhuru mtu.

Na hapo unaposema utajua, sijui umemwacha nani dirishani kwetu, lakini mwambie aingie ndani, viti vipo.

Wifi yako


Maabara, 11 Juni

Wifi,

Hamjambo? Mimi nashukuru, ingawa jino moja linanisumbua na zile ngazi zimeanza kunishinda. Nikifika juu nakaa kwanza kitandani ndipo nivue viatu. Ni kazi tu. Vijikaratasi vyako vya sandukuni navipata, ila havina habari. "Wote wazima", basi, kama mtu anayelipia kila neno.

Niseme nililo nalo. Ukipanga vichupa vyako dirishani utaona hata kwa macho. Maji ya damu ya ng'ombe ni ya manjano, kwa sababu rangi ya majani anayokula hupita mpaka kwenye damu. Ya mbuzi hayana rangi, ni kama maji ya mvua, maana mbuzi huigeuza rangi ile yote kuwa vitamini A kabla haijafika huko. Ndivyo walivyo, hata wakilishwa shamba moja. Mbuzi wako sita wako sawasawa. Wa saba amebadilika. Tangu sanduku la Mei maji yake yana umanjano, si kama wa ng'ombe, lakini upo. Na vitamini C yake haipo. Narudia, karibu haipo kabisa. Nilidhani sanduku lilikaa juani, lakini wenzake sita waliosafiri naye kwenye barafu ile ile wana vitamini C yao kamili. Hakuna mbuzi anayekosa vitamini C, wifi. Anaitengeneza mwenyewe.

Mkuu wa maabara ameniita ofisini na kufunga mlango. Anasema kuna mtu anabuni majibu, na kwamba ama ni mimi ama ni mtu wangu wa huko. Kibarua changu kinaning'inia hapo. Naomba uniambie kwa roho safi: umechoka kumkamata beberu, ukajaza kichupa kwa damu ya mnyama aliyekuwa karibu?

Kuna jingine, na nimelizunguka muda mrefu kabla ya kuliandika. Shangazi alipita hapa akienda kutibiwa macho. Alikaa kwenye kitanda changu akaanza kulia. Anasema Mama ana mabaka kwenye miguu na mikono, meusi na mengine ya bluu, na alipomuuliza, Mama alisema amejigonga kwenye kigoda. Kigoda gani kinachomgonga mtu mapajani na kwenye mikono yote miwili? Anasema pia Mama sasa hacheki, anafunika mdomo kwa kiganja.

Simshutumu mtu. Nauliza tu. Nani yuko na Mama mchana kutwa?

Wifi yako


Kituo cha Mifugo, 26 Juni

Wifi,

Salamu zimefika, na hayo mengine pia yamefika.

Mbuzi wa saba ni mbuzi wa saba. Nimekutumia kichupa kingine na kioo kingine, pima tena, na ukimaliza pima tena. Sijamjazia mtu damu ya ng'ombe. Ningetaka kudanganya ningejua kudanganya vizuri kuliko hivyo, nimekaa na wanyama hawa tangu nikiwa msichana.

Kuhusu mabaka: Mama amesema ni kigoda. Mimi sina la kuongeza. Yapo mambo ya nyumba hii ambayo si yangu kuyaandika, na siku mwenyewe akitaka yaandikwe yataandikwa.

Shangazi alikuja, ni kweli. Nilimpikia, akala. Nilipomnawisha mikono aliishika yangu akaigeuza, akaitazama viganja, kisha nje, kisha vidole kimoja kimoja. Nilielewa baadaye, barua yako ilipofika. Ungeniuliza Mama anakula nini, anaamkaje, anatembeaje, ningekujibu kwa kurasa. Umeniuliza nani yuko naye.

Nami nina swali la kikazi. Mnyama wa aina ile isiyojitengenezea, wale panya wenu wanene, akipungukiwa na hiyo vitamini C, anaonekanaje? Unamjuaje kwa macho? Nauliza tu, kama wewe.

Wifi yako


Maabara, 10 Julai

Wifi,

Leo sina salamu.

Nilichukua kile kioo chako kipya nikakiweka kwenye hadubini. Chembe nyekundu za mbuzi ni ndogo sana, nadhani hakuna mfugo wa zizini mwenye ndogo kuliko hizo. Nikiangalia mbuzi wako sita ni kama mtu kamwaga ulezi. Za wa saba zilikuwa kubwa. Nilizilinganisha na za nguruwe, za punda, za mbwa, hakuna zilizolingana. Nikakaa. Kisha nikajichoma kidole, nikapaka tone langu kwenye kioo kingine na kuviweka viwili kando kwa kando. Zilifanana.

Mbuzi wako wa saba ni mtu.

Sasa niambie ni mtu gani. Si wewe, wewe unamwangusha fahali ukiwa na njaa. Mume wako yuko barabarani. Nyumbani amebaki mmoja. Umemfunga Mama yangu mkono na kumchoma sindano ya zizini, si mara moja, tangu Mei, ukaandika "mbuzi" juu yake na kumtuma kwa basi. Kwa nini? Ulikuwa unaficha nini nyuma ya mbuzi? Na mimi nilipokuuliza kwa upole ulinijibu kwa macho makavu kwamba mbuzi wa saba ni mbuzi wa saba.

Usinijibu. Nimeshamwandikia Kaka kila kitu, mabaka na damu. Mwisho wa mwezi nakuja na Shangazi. Tutamchukua Mama, na wewe utaeleza mbele ya ukoo mzima, kisha Kaka ataamua kama bado ana mke.

Nimeandika mimi


Maabara, 13 Julai

Wifi, wifi yangu,

Kama barua ya tarehe kumi imekufikia, ishike lakini usiondoke. Kama haijafika, dereva akikupa usiifungue. Simu ya dukani nimeipiga tangu asubuhi, haishikwi.

Mpe Mama chungwa. Leo, sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mpe na papai, mpe na mapera, mboga za majani usizichemshe kwa muda mrefu. Kisha mpeleke hospitali, uwaonyeshe karatasi ya majibu niliyoiambatanisha. Wakiisoma wataelewa. Maagizo yangu yatoe ukutani.

Leo asubuhi nilikuwa napanga majibu ya simbilisi. Kuna kizimba kimoja ambacho tunawanyima majani kwa wiki chache, ili tuone. Niliweka karatasi yao juu ya meza, karatasi ya mbuzi wa saba ikiwa bado iko pale pale, na nambari zao zikasomeka kama za ndugu. Simbilisi wa kizimba kile wana fizi zinazovuja damu. Ukiwashika wanaota mabaka, hata ukiwashika kwa mikono miwili ya huruma. Hakuna aliyewapiga.

Uliniuliza wanaonekanaje. Uliniuliza tangu Juni, na mimi nikakusoma kama hakimu. Jibu nilikuwa nalo mezani, nikaenda kulitafutia mhalifu.

Mpe chungwa kwanza. Mengine baadaye.

Wifi yako


Kituo cha Mifugo, 21 Julai

Wifi,

Mama amekula. Alilishika chungwa akaniuliza kama nimepewa ruhusa. Nikamwambia ndiyo, imekuja na basi. Alikula na machozi yanamtoka, kwa sababu fizi zilimuuma, lakini hakuacha. Siku iliyofuata nilimpeleka hospitali. Daktari alisoma karatasi yako, akamfungua mdomo, akamtazama miguu, akasema ndiyo hiyo, ni upungufu wa vitamini C, na wazee wanaokula chai na mkate huupata bila mtu kujua. Amempa vidonge. Anasema vidonda vya tumbo vilishapona na hata visingepona, papai na mapera yaliyoiva havimchomi mtu. Nilimwonyesha maagizo yako. Alicheka kidogo, kisha akaona uso wangu akaacha.

Sasa nitakueleza, maana Mama amenifungua kinywa.

Bwana Harusi alikufa Aprili, alivimba tumbo usiku na asubuhi tukamkuta. Sikukuambia kwa sababu ulitaka mbuzi saba na mimi niliogopa kukupungukia hata kwa mbuzi mmoja. Kituoni hakukuwa na mwingine wa kujaza nafasi. Wakati huo huo Mama alianza. Kwanza miguu kumuuma, kisha fizi, mto wake nikiufua naona damu. Kisha mabaka. Alinikataza kukuambia. Alisema utaacha kazi uje, na kazi hiyo uliililia miaka. Alikataa hospitali pia. Aliniapisha, nami nikaapa.

Unajua nilichofikiri nilipoona mabaka ya kwanza? Nilifikiri ni mimi. Mikono yangu imezoea ng'ombe. Nilidhani ninapomnyanyua kitandani namshika kwa nguvu bila kujua. Nikaanza kumnyanyua kwa shuka, nimelipitisha chini yake, ili vidole vyangu visimguse. Mabaka yakaongezeka. Nilikaa jikoni nikalia, wifi, peke yangu, mbele ya maagizo yako.

Ningekuandikia kwamba Mama anatokwa damu mdomoni, ungesema nimempiga mdomoni. Utakataa? Neno langu kwako halina uzito, lakini mashine zenu unaziamini. Basi nikamwambia Mama: nimeapa kutosema, sijaapa kutotuma. Alicheka, mkono mdomoni, akakunja mkono wa gauni mwenyewe akaninyooshea. Sindano ilikuwa mpya, ya watu, niliinunua duka la dawa. Nikamuuliza nimwandike mbuzi gani. Akasema, "Niandike wa saba, yule mkorofi. Mwanangu ana macho, ataniona."

Mama alikuamini hivyo. Mimi sikukuamini, lakini sikuwa na mtu mwingine mwenye mashine.

Utauliza kwa nini sikumpa chungwa kwa siri. Nilifikiria. Siku moja nilikuwa nimeshalimenya. Ningempa, usiku tumbo likamkata, ungesema nini? Kwa hiyo nilitii. Nilitii kila neno kwa sababu ulisema utajua. Ungekuwa unaniamini hata kidogo ningekukaidi, na Mama asingefika huko.

Barua yako ya tarehe kumi ilitangulia kufika. Nilifunga mfuko wangu wa nguo. Nilikuwa nimesimama uani, mfuko mkononi, Mama kashika mlango hawezi kusimama vizuri, ndipo kondakta wa basi akapiga hodi na ile ya pili. Niliisomea pale pale. Mfuko niliumwaga kitandani nikaenda nao sokoni kuchukulia machungwa.

Mimi ni yule yule


Maabara, 2 Agosti

Wifi yangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara nikifika pale unapomnyanyua Mama kwa shuka naiweka chini.

Sina cha kujitetea. Maagizo yaliyomuumiza Mama yaliandikwa na mkono wangu, na mwaka huu wote nimekuwa nikitazama mikono yako. Nilikuwa tayari kuamini kwamba umemjazia mbuzi damu ya ng'ombe, kisha kwamba unampiga Mama, kisha kwamba unamnyonya damu, na kila mara ushahidi ulipokataa nilitafuta uovu mwingine wa kukuvika. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyemkataza Mama matunda. Nisamehe. Sisemi unisamehe sasa hivi, nasema uwe nayo mahali, ukiwa tayari.

Kaka nimemwandikia upya. Shangazi nimemwambia mwenyewe, akauliza kama unapenda kitambaa cha kijani. Kwa hiyo jiandae, unashonewa.

Mkuu wa maabara nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilidhani ananifukuza. Alimtoa mbuzi wa saba kwenye orodha ya mbuzi, akatikisa kichwa, akasema tusirudie kumtumia mama wa mtu bila idhini yake iliyoandikwa. Kazi inaendelea na mbuzi sita. Imependeza kuona: kila mnyama anakaa kwenye nafasi yake, mbuzi juu, kondoo karibu yake, na chini kabisa simbilisi wa kizimba kile, wakiwa na Mama. Hata damu yangu niliipima, ili niwe na mtu wa kumlinganisha naye. Hilo si la kuandika.

Jino lile nimeling'oa. Msinifikirie. Niambie Mama anatembea?

Wifi yako


Kituo cha Mifugo, 30 Agosti

Wifi,

Mama anatembea. Mabaka yamegeuka ya njano, kisha yamefutika, na juzi alicheka mdomo wazi kwa sababu nguruwe alimwangusha bwana mifugo mkuu kwenye matope. Meno mawili hayapo, lakini kicheko ni kile kile. Anakusalimu. Anasema yeye ndiye mbuzi wa kwanza kwenye ukoo wenu kufika maabara.

Mume wangu alifika katikati ya mwezi. Barua yako ya kwanza ilikuwa mfukoni mwake, ya pili ilikuwa bado inamtafuta barabarani. Hakunipiga wala hakunifukuza. Aliingia, akanisalimu, akaketi, kisha akanitazama mikono. Mama alimpigia kelele kutoka chumbani mpaka majirani wakatoka nje, na jioni aliniomba radhi. Lakini alinitazama mikono, wifi. Umeomba radhi nayo nimeiweka mahali, kama ulivyosema. Siku nitakapoitoa nitakuambia.

Sasa lako. Mimi wanyama ninaowahudumia hawasemi wanaumwa wapi, kwa hiyo nimezoea kusoma wasichosema. Februari uliandika kwamba unakula vile vile ulivyomwagiza Mama. Juni jino lilikusumbua na ngazi zikakushinda. Agosti umeling'oa. Umepima damu za mji mzima, umeniambia ya mbuzi, ya kondoo, ya simbilisi na ya Mama, na ya kwako ukasema si ya kuandika. Umejificha nyuma ya jino kama nilivyomficha Mama nyuma ya mbuzi. Tofauti ni kwamba mimi sina mashine, na nimekuona.

Fungua sanduku la barafu mpaka chini, chini ya vichupa. Hayo ni mapera, na mapapai mawili niliyoyafunga kwa gazeti. Mama aliyachagua kwa mkono wake. Hajui ni ya nini, na kama ulivyomfundisha kila mtu kwenye ukoo huu, sijamwambia.

Haya ni maagizo, yabandike juu ya jiko lako. Matunda kila siku, asubuhi na jioni. Mboga zikigeuka rangi tu, epua. Uende hospitali na karatasi yako mwenyewe. Mume wangu atapita huko na lori wiki ijayo, hatapiga honi, atapanda mpaka juu, na nimemwagiza akutazame fizi. Sitaki kusikia "kidogo tu".

Nitajua.

Wifi yako